Nilivyokaribia kuua mwasumini wa Bi Swafiya, na watu walionisaidia kuuokoa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwenye jukwaa hili kwa muda mrefu. Nakula vya wenzangu bila kuchangia. Leo acha nami nilete changu. Yote haya yalinipata mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kuwa ulikuwa ujinga.

Ni habari ya maua ya ndani na wadudu. Najua kuna watakaosema, mwanamume mzima na maua! Nisomeni kwanza, kisha mcheke.

Mimi ni mtu wa Kaloleni. Nafanya kazi Kilindini, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, na kazi yangu ni makaratasi tu. Huu mwaka wa nne nimepanga chumba Mji wa Kale, Mombasa, juu kabisa, katika nyumba ya Bi Swafiya.

Bi Swafiya ni mjane, anakaribia miaka themanini. Anakaa orofa ya kwanza. Mwanawe mmoja tu ndiye aliye Pwani, Maryam, naye ameolewa Malindi.

Mwaka wangu wa kwanza pale nilikuwa namsalimia na kupita. Kisha nikaugua homa ya matumbo. Sina mke, na kisiwani sina ndugu. Kwa muda wa wiki tatu mama yule alinipandishia uji. Mnaozijua ngazi za nyumba zile mnajua zilivyosimama wima. Alikuwa akipanda na chupa ya chai iliyojaa uji, anapumzika katikati, anafika mlangoni, anasema, "Kunwa mwanangu, ungali moto," halafu anashuka.

Hajawahi kunikumbusha jambo lile hata siku moja. Ndiyo maana mimi siwezi kulisahau.

Sasa, Bi Swafiya ana roshani inayotazama kichochoro, na roshani ile ndiyo shamba lake. Kuna mrehani, kuna waridi kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, kuna mmea ule wa majani mapana unaotambaa hadi sebuleni. Na katikati, kwenye chungu kikubwa cha udongo, kuna mwasumini.

Mwasumini huo ulitokana na tawi alilokata nyumbani kwa mamake. Nyumba hiyo iliuzwa, ikavunjwa, ikajengwa ghorofa. Maua aliyovishwa siku ya harusi yake yalitoka kwenye mti ule wa kwanza. Huu wa kwenye chungu ndio uliobaki. Hakuna mwingine.

Bi Swafiya alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Maryam alimsihi kwa miaka miwili aende Malindi akapasuliwe. Jibu lake likawa lile lile: "Na mimea yangu ataiangalia nani?"

Siku moja wanabishana kwa simu, mimi napita na ndoo yangu ya maji. Sijui nini kiliniingia. Nikasimama mlangoni nikasema, "Nitaiangalia mimi, Bi."

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Wewe, Kahindi?"

"Mimi. Kila asubuhi kabla ya kazi."

"Mungu shahidi?"

"Mungu shahidi."

Wiki ile ile akaondoka. Mpango ulikuwa apasuliwe jicho moja, apumzike, kisha apasuliwe la pili. Akanikabidhi ufunguo na kopo la kumwagilia.

Wakuu, nilianza vizuri. Wiki ya pili ndipo nikajitia ufundi.

Nikapita kwa wauza miche wa kando ya barabara kule karibu na Buxton, nikaona kroton ina majani ya manjano na mekundu, imependeza kweli. Nikasema nitampambia mama roshani. Nikaibeba moja kwa moja, nikaiweka ubavuni pa mwasumini, majani kwa majani. Sikuigeuza hata jani moja kutazama chini yake. Wala sikujua kwamba mmea mgeni hukaguliwa.

Baada ya wiki kama tatu hivi nikaona mambo yamebadilika. Majani ya mwasumini yanageuka manjano. Sakafu chini ya chungu inanata, ukikanyaga ndara inavutwa. Sisimizi wamepiga mstari kutoka ukutani hadi kwenye shina, wanapanda na kushuka kama wana ajira. Na pale tawi linapokutana na shina kuna kitu cheupe, kama mtu amechomeka vipande vya pamba.

Nikasema huu ni ukungu. Nikadhani pia mti una kiu, nikaongeza maji. Asubuhi na jioni, namwaga tu.

Hali ikazidi. Jumamosi moja saa saba mchana, jua la Mombasa mnalijua, nikachukua dawa ya mbu ya kopo nikaupuliza mti wote kwa karibu kabisa. Kisha nikakoroga sabuni ya vyombo nzito, kama naosha sufuria ya pilau, nikaumwagia.

Jumapili nikirudi kanisani nikapita pale roshani. Majani yamekauka kwa rangi ya kahawia, yamejikunja kama yamekaangwa. Nikiligusa moja, yanaanguka matano.

Nilikaa chini pale pale na shati langu la kanisani.

Kilichoniumiza zaidi ni simu za Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala ya magharibi Maryam alikuwa akimpigia mamake simu kwangu. Bi Swafiya haulizi kodi, haulizi nyumba. Anauliza, "Mwasumini wangu hayambo?" Anautaja kama mtu.

Nami najibu, "Hajambo, Bi."

Msinihukumu haraka. Jicho la kwanza lilikuwa limeshapasuliwa, na alikuwa ameshaanza kusema jicho moja lamtosha, anataka kwenda kwake. Maryam aliniandikia ujumbe: "Kaka Kahindi, tafadhali usimwambie lolote litakalomrudisha. Akirudi sasa, jicho la pili ndilo basi tena." Kwa hiyo nikasema hajambo. Ijumaa tatu mfululizo, huku natazama mti ulio uchi.

Hapa ndipo anapoingia Madam Moraa.

Madam Moraa ni mkaguzi wa mimea bandarini, mzaliwa wa Kisii, mwenye miaka mingi hapa Mombasa. Huja ofisini kwetu mizigo ikiwa ni mbegu au miche. Ni mtu wa maneno machache, na hapo awali, kusema kweli, nilikuwa nikimwogopa. Karatasi ikikosa mhuri mmoja anakurudisha ulikotoka.

Siku hiyo amemaliza kazi, anafunga mkoba. Mimi nilikuwa na kitawi kwenye mfuko wa nailoni chini ya meza. Nikajipa moyo.

"Madam, samahani. Nina jambo nje ya kazi."

Akakichukua kitawi. Akatoa lenzi ndogo inayokunjwa, akaisogeza jichoni. Halafu akanipa lenzi. "Angalia hiyo pamba yako."

Wakuu, ile pamba ina miguu! Ilikuwa inatembea. Kidudu cheupe kama kimeviringishwa kwenye unga, kina nywelenywele pembeni, na chini yake mayai yamelala kama kwenye godoro.

"Hawa hunyonya maji ya mmea," akasema. "Wakishiba, wanatoa utamu, ndio huo unaonata kwenye sakafu. Sisimizi wanaufuata huo utamu, na wanawalinda hawa kama ng'ombe wao wa maziwa. Ukiona sisimizi kwenye ua, usiulize sisimizi, uliza wanafuga nini." Kisha akaniangalia. "Na usitembeze kitawi cha wadudu mjini kwa mfuko ulio wazi. Funga."

Nikafunga.

Yeye anaishi Buxton, si mbali. Jumamosi jioni akaja, bila mimi kumbembeleza. Alipofika roshani akasimama akitazama mwasumini. "Kaka, hii uliiosha ama uliichoma?"

Nikamweleza yote, dawa ya mbu na sabuni. Hakucheka. Alisema dawa ile ya kopo haikutengenezwa kwa majani, na sabuni nzito kwenye jua kali huunguza.

Akachukua karatasi nyeupe, akaiweka chini ya majani ya kroton, akayagonga mara mbili tatu. Vikaanguka vitone kama vumbi la pilipili. Tukangoja. Vile vitone vikaanza kutembea. Akavipitishia kidole, pakabaki mistari myekundu.

"Huu ni utitiri. Huu ndio umekuja na kroton yako. Unaona nyuzi hizi nyembamba chini ya jani, kama za buibui? Na haya madoa madogo madogo juu yake?"

Nikaona. Zimekuwa pale siku zote, mimi natazama rangi tu.

Halafu akainamia shina la mwasumini, akakwangua kwa kisu. Kulikuwa na tabaka la magamba meupe makavu, moja juu ya jingine, ndani ya nyufa za gome. "Lakini hawa weupe, hii si kazi ya mwezi mmoja. Hapa wamezaliana vizazi na vizazi. Huyu mama hakuwaona?"

Nikamwambia, "Mama mwenyewe ni macho ndiyo yamempeleka Malindi."

Akauliza kama mwenye mmea anajua hali ilivyo. Nikamwambia sijamwambia, na kwa nini. Nilidhani atanielewa.

"Dawa nitakuonyesha," akasema. "Lakini hapa kuna kukata, na kukata sana. Mimi sikati mmea wa mtu bila yeye kujua. Mpigie."

"Madam, akirudi kabla ya jicho la pili?"

"Hilo ni lake kuamua. Mmea ni wake na jicho ni lake."

Nikapiga. Maryam akapokea, nikamwomba anipe mama. Nikayatoa yote bila kupumua: wadudu alionionyesha Madam Moraa, mkaguzi wa mimea aliye hapa nami, maji mengi, dawa ya mbu, jua, majani, na kwamba kila nikisema hajambo nilikuwa naongopa.

Nikasikia kuku analia huko Malindi.

"Umenidanganya Ijumaa ngapi?"

"Tatu, Bi."

"Alhamdulillahi hazikufika nne." Akavuta pumzi. "Sasa, kwangura gome kwa ukucha. Chini karibu na udongo. Rangi gani?"

Nikainama, nikakwangua. "Kijani, Bi."

"Basi yu hai. Mkate."

"Nimkate wapi?"

"Gotini. Mamangu alikuwa akimkata gotini kila akichoka. Sisi watoto tukilia, yeye akitucheka. Kata, usimwonee huruma."

Nikamuuliza kwa woga kama anarudi.

"Nirudi nije kumlilia mti? Nimemwona mjukuu wangu kwa jicho moja, mwanangu. Sirudi mpaka nimwone kwa mawili. Nawe shika makasi." Kisha akasema, "Huyo mwanamke aliye nawe, nipe nimshukuru."

Madam Moraa akapokea simu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Walizungumza kuliko nilivyozungumza mimi.

Nikakata. Matawi yote yakaingia kwenye mfuko wa plastiki, tukaufunga kabisa. Kikabaki kisiki cha kimo cha goti.

Kwa wale wanaotaka kujua tulifanya nini hasa, ni hivi. Kroton tuliihamishia kwenye sakafu ya juu ninakokaa mimi, mbali na mimea mingine yote. Mwasumini tukautoa kwenye chungu kuangalia mizizi. Wadudu hawakuwemo, lakini mizizi mingine ilikuwa imeoza na kunuka kwa maji niliyoyamwaga, tukaikata. Chungu tukakisugua, tukaweka udongo mpya wenye mchanga ili maji yapite.

Kisha pamba na spiriti ya hospitali. Unachovya, unampangusa mdudu mmoja mmoja, unaingia kwenye kila ufa wa gome. Ni kazi ya subira. Nilikuwa nikifika kutoka Kilindini saa kumi na moja, nakaa kwenye kigoda mpaka adhana ya magharibi.

Sabuni haikuachwa, ila safari hii ilikuwa kijiko kidogo cha chai kwa lita moja ya maji, pamoja na matone ya mafuta ya mwarobaini. Unajaribu kwanza kwenye jani moja, unangoja siku moja. Unapuliza jua likishapoa, chini ya majani zaidi kuliko juu. Kroton yenye utitiri niliiosha kwa maji ya kasi kwanza, kila jani upande wa chini.

Na unarudia, wakuu. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Wiki ya kwanza niliona shina safi kote nikadhani nimeshinda. Madam akasema, "Umeua wazazi. Mayai bado." Siku ya saba nikawakuta watoto, wadogo kama chembe za unga. Nikawapangusa. Wiki iliyofuata tena. Tulikwenda hivyo wiki sita, na sisimizi niliwazuia kwa kusimamisha chungu juu ya matofali ndani ya karai la maji ya sabuni. Walikosa njia, wakaondoka wenyewe.

Wiki ya nne kisiki kilikuwa bado kisiki. Nakiri nilikata tamaa. Nilikuwa naenda kukwangua gome kila asubuhi kuona kama bado ni kijani, mpaka Madam akanikataza, akaniambia nitaumaliza mti kwa kuupima.

Asubuhi moja nikaona kichipukizi. Chembe ya mchele ni kubwa kuliko kile. Nikampigia Bi Swafiya kabla sijaoga. Haikuwa Ijumaa.

Alirudi mwezi uliofuata. Nilimpokea chini mlangoni, yeye na Maryam. Ngazi alizipanda bila kupapasa ukuta. Akaenda moja kwa moja roshani, na buibui lake bado mwilini.

Mwasumini ulikuwa na matawi mapya ya kimo cha mkono, majani yanang'aa, na vitumba vinne. Si mti aliouacha. Nilisimama nyuma yake nikingoja neno.

Akaligeuza jani moja, akalitazama chini. Akaligeuza jingine. Nilikuwa na lenzi ya kuazima, nikampa. Kroton nilikuwa nimeishusha kumwonyesha, nimeiweka mbali na mwasumini, karibu imepona, bado ina utitiri mmoja mmoja. Akautazama.

"Subhanallah! Una miguu minane!"

Kisha nikamwonyesha picha ya shina la zamani, yale magamba meupe. Akaisogeza simu karibu. Akakaa kwenye kigoda changu.

"Hivi nilikuwa nikivigusa," akasema. "Tangu mwaka juzi. Nalikuwa nikivipangusa kwa kanga, nikidhani ni vumbi la chokaa ya ukuta. Mwanangu, ulijibebesha mzigo ambao nusu yake ni wangu."

Nikamwambia hata hivyo nilimdanganya.

"Ulinidanganya, kisha ukanambia. Wangapi hufika hapo pa pili?" Halafu akaniita kwa mkono. "Ndoo hapa penye mwanga."

Nikasogea. Akanitazama usoni kwa utulivu, kama anavyotazamwa mtu aliyetoka safari. Nikakumbuka kwamba miaka yote hii mimi kwake nilikuwa sauti na kivuli.

"Kumbe u kijana," akasema. "Kwa vile unavyokohoa ngazini, nalidhani u mtu mzima mwenzangu."

Maryam alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka, sioni haya kusema.

Vile vitumba vinne vilifunguka jioni ya pili yake. Hakuvichuma.

Sasa niliyojifunza, kwa ufupi. Mmea mgeni utenge peke yake wiki mbili tatu kabla ya kuuchanganya na wenyeji. Geuza jani, maana habari zote ziko chini. Mjue mdudu kwanza ndipo utafute dawa, kwa sababu mimi nilipigana na ukungu ambao haukuwapo. Usipulize chochote mchana wa jua. Na ukiharibu cha mtu, mwambie mapema, huenda dawa anayo yeye mwenyewe.

Jingine ni hili. Kwenye mvua zilizopita Bi Swafiya alikata matawi matatu, akayapanda. Moja liko Buxton kwa Madam Moraa, na Jumapili wakati mwingine nampeleka Bi Swafiya huko kulitazama, wakae wazungumze. Moja limekwenda Malindi kwa mjukuu. La tatu liko dirishani kwangu ninapoandika hapa.

Nawashukuru wanawake hawa wawili kwa moyo wote. Mmoja alinifundisha kutazama, mwingine alinisamehe kabla sijamaliza kuomba radhi.

Wakuu, nina swali, msinipite. Mrehani wetu sasa una vijinzi vyeupe, ukiutikisa vinaruka kama majivu. Kwa kuwa huu tunautia kwenye chakula, sitaki kuupuliza ovyo. Aliyewahi kuvimaliza atueleze alifanyaje, na mwenye kisa chake cha ua aliloliponya au alilolizika, kiti kiko wazi.